Mkwe Haangaliwi Usoni

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa saba 1968

Verdiane! Naandika jina lake ili kalamu nayo ifurahi. Mwezi haujaisha tangu harusi, na kila asubuhi bado nashangaa kumkuta. Mvua ikipiga mabati ya nyumba hii, nyumba anayopewa chef wa soko, yaani mimi msimamizi wake, anafumba macho na kusema ni ngoma. Mke gani huyu!

Leo nilikuwa nakagua makopo ya kupimia maharagwe. Mara nikasikia sauti ya Mama Nyiramana, mama mkwe wangu. Kaja kuuza. Desturi ni desturi: mwanaume hamwangalii usoni mama wa mke wake. Nikaruka mtaro, nikapotea katika migomba. Niliporudi, wauzaji wengi walikuwa wamehama na kumzunguka yeye. Kwa nini? Anapendwa hivyo? Lazima nichunguze.

Alhamisi, tarehe 4

Papa Hakorimana, président wa kamati ya soko, amekuja. Amesifu mabati. Kisha amesema wanunuzi wanalalamika: makopo yamebonyezwa chini ili yapime kidogo, na wenye makopo hayo wote wanakaa karibu na mama mkwe wangu, mahali chef hafiki. Kumbe!

Akashusha sauti: "Jean-Marie, mutoto wangu, andika démission. Ukiacha kazi wewe mwenyewe, njo heshima. Tukikufukuza, bibi yako atasikia ku soko."

Nina mpaka Jumatano. Kazi ikienda, nyumba inaenda. Anayeisubiri ni Védaste, karani wangu wa soko, anayejisifu kwamba hana mke, kwa hiyo hana mkwe wa kumkimbia. Maskini, hajui anachokosa.

Jumamosi, tarehe 6

Verdiane ameshauri nimpelekee mama yake mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akiipokea na kunywa, mwiko umekwisha, tutaangaliana. Mpenzi wangu! Lakini mtu aliyesoma kwa mapadri hawezi kuokolewa na mtungi. Nimepata njia: mwavuli. Nikiushusha mpaka puani, naona miguu na makopo tu. Nimefanya mazoezi ndani. Nimeangusha sufuria. Verdiane amecheka hadi akakaa chini. Mzuri hata akikaa chini!

Jumatano, tarehe 10

Mwavuli unafanya kazi! Nimepita mstari kwa mstari, miguu kwa miguu. Nimekamata kopo, chini yake imeingia kama kitovu. Nimeliinua juu. Nimehutubia soko zima kuhusu wamama wazima wanaoiba, na wanaume wenye bahati mbaya waliooa mabinti zao. Soko likanyamaza. Nikadhani ni heshima.

Kisha, kutoka chini, sauti: "Mukwe, toa basi mwavuli. Umeshanitukana, uniangalie pia."

Nimekimbia. Papa Hakorimana amenifuata migombani na karatasi na kalamu. Nimetia sahihi.

Alhamisi, tarehe 11

Védaste ameleta kitanda chake mapema mno. Verdiane amefunga vyombo, analia kidogo, anacheka kidogo. Mama yake ametuma habari: hasira imepita, tukae katika nyumba ya nyasi nyuma ya yake. Nilete kasiksi tu, yaishe. Verdiane ameniangalia. Macho yale!

Nyumba nimekubali, kasiksi nimekataa kwa upole. Kosa nimeshaligundua. Sikuijua miguu ya mama mkwe, na vumbi la soko linafananisha miguu yote. Sasa tutakuwa majirani. Kesho akipita kwenda mtoni, nitajificha nyuma ya ua niisome miguu yake, na nitaanza na wa kushoto.