Saa Saba za Ndege, Ukiongeza Mshono

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu anarudi Jumamosi, baada ya miaka minne ughaibuni. Kanipigia mimi, si mama yake. Ndege itatua saa kumi jioni, akasema. Mwendo wa saa saba, kilomita elfu tano na ushei. Kisha akaharibu: niwaarifu na mama na baba mdogo. Huyo baba mdogo ni mume wa mtalaka wangu. Mimi namwita Bwana Mapema. Hufika harusini kabla ya viti. Siku binti alipomaliza shule, yeye alikaa safu ya mbele. Mimi nilikuwa kibandani namalizia pindo la sketi ya mtu. Safari hii, sura ya kwanza atakayoiona ni yangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima atlasi kwa jirani, nikapima uwanja hadi uwanja kwa tepu ya kazini. Saa saba hazinidanganyi. Mimi ni fundi cherehani, najua ahadi zinavyotolewa. Nikisema Ijumaa, mteja mwenye akili huja Jumanne. Nimeiongezea ndege saa mbili za mshono. Itatua saa kumi na mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Bwana Mapema. Saa tatu usiku, nimemwambia, tena huenda ikachelewa. Akanishukuru, akauliza suruali yake ya mwaka jana imefikia wapi. Nikasema vimebaki vifungo. Kitambaa hata hakijakatwa.

Jumamosi, 8 Machi
Suti. Viatu vinang'aa. Simu nimeizima, wateja wasinisumbue. Nikafika saa kumi na moja, saa nzima kabla ya hesabu yangu, najiona mjanja. Ukumbi mtupu. Mfagiaji akasema ndege ilitua saa tisa u nusu, upepo uliisukuma. Akauliza kama mimi ndiye fundi. Kuna msichana alikuwa ananingoja, kila mlango ukifunguka anageuka. Kuna mzee alimletea chai. Mzee huyo alikuwepo tangu saa nane.
Mtu unamwambia saa tatu usiku, anakuja saa nane mchana. Utamdanganyaje mtu wa namna hiyo?

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwao. Binti kanikumbatia kwa mkono mmoja. Akauliza kwa nini baba mdogo aliambiwa saa tatu. Sijafungua kinywa, Bwana Mapema akadakia: kosa ni lake, masikio yamezeeka, mimi nilimwambia saa kumi sawasawa. Hata haya hana. Anisitiri mbele ya mwanangu, tena juu ya kochi lake! Mtalaka wangu akakimbilia jikoni kucheka. Nikanywa chai yao. Sukari ilikuwepo, sikuisikia.

Ijumaa, 14 Machi
Binti anaondoka kesho. Anatakiwa uwanjani saa nne asubuhi. Nimemwomba nimpeleke peke yangu, tuongee njiani. Wiki nzima sijapata naye hata saa moja. Akakubali. Akasema, baba, saa nne ni saa nne. Maskini, bado mdogo. Watu wa ndege nao huacha nafasi. Tutatoka nyumbani saa nne na nusu.
Bwana Mapema nimemwambia safari imesogezwa hadi Jumapili. Ameshukuru sana. Kisha akauliza: kesho anipitie na gari saa mbili, au saa mbili u nusu?
Nimemjibu asisumbuke. Nina hesabu zangu.