Namba Moja kwa Daktari wa Meno

Tabasamu alikuwa dukani ananunua kiberiti asichokihitaji, pale alipoiona riziki yake imekaa kwenye benchi la nje inakula mkate.

Riziki yenyewe ilikuwa mama mtu mzima, mjane. Alichovya kipande cha mkate kwenye chai, akakihamishia shavu la kushoto, akakitafuna huko polepole kama anayekisikiliza. Shavu la kulia halikupewa kitu. Na mkononi, bangili. Haikuwa bangili ya kujipitishia sokoni. Ilikuwa nene, imekaa kwenye mkono ule miaka mingi mpaka ngozi imeitengenezea njia.

Mtu mwingine angeona bibi anakunywa chai. Tabasamu aliona meno mabovu na dhahabu katika mwili mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake duniani.

Kazi ilikuwa hivi. Alikuwa na koti jeupe alilolinunua kwa kinyozi, na mkoba mweusi unaofunguka kwa kishindo cha heshima. Alijiita mtaalamu wa kofia za meno, zile wanazovikwa watu wenye magego yaliyopasuka ili yaendelee kutafuna. Unampa dhahabu yako, pete au herini, aiyeyushe akutengenezee kofia. Siku ya pili anakubandika kitu kinachong'aa. Wiki mbili hazijaisha, ulimi unaanza kuonja sarafu, ufizi unakuwa kijani, kofia inadondoka ndani ya uji. Ni shaba ya mabomba ya maji, na mtaalamu yuko mji wa tatu.

Dhahabu ya kweli ilikuwa moja tu, ile iliyokuwa kinywani mwake. Jino la pembeni, linaloonekana mtu akicheka vizuri. Alivikwa na daktari wa kweli, miaka ile alipokuwa na neema, na tangu hapo jino lile limekuwa kibao cha duka lake. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Chini ya kofia ile, jino lilikuwa linaoza. Mwezi wa pili sasa alikunywa chai ya vuguvugu na kulalia shavu moja. Kwenda kwa daktari ni kuvuliwa kibao, na duka lisilo na kibao nani ataliingia?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Huo upande wa kulia unakusumbua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kuitazama bangili yangu," alisema yule mama, akachovya mkate.

Tabasamu alicheka, jino likamulika. Kwa uzoefu wake, mama anayetania bado hajaondoka. Akavuta kiti.

Mtaani walimwita Bi Taratibu, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa na magego mawili yamepasuka. Daktari wa meno alikuja zahanati ya pale kila Alhamisi, siku hiyo tu, na alikwishamwambia, mama, tuyachonge tuyavike kofia, ukichelewa tutayang'oa. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Tangu hapo, kila Alhamisi Bi Taratibu aliamka alfajiri, akachukua namba moja, akakaa kwenye benchi akawaza. Akiitwa, anampa namba yake mtu mwenye hali mbaya zaidi, anarudi nyumbani. Watu wenye meno mabovu walikuwa wakimwombea kwa Mungu asiamue.

"Shida ni mbili," alimweleza Tabasamu. "Kwanza, anataka kulichonga jino langu libaki kama kijiti. Likishachongwa, limechongwa. Nikijuta, namrudishia nani lile vumbi? Pili, kulipia itabidi niuze bangili hii. Marehemu aliniwekea mkononi mwenyewe, mimi nikiwa na meno yote thelathini na mawili."

"Mama, umekutana na mtu wako," alisema Tabasamu, na hapo sauti yake ikawa ya msibani, maana alijua pa kuiweka. "Mimi sichongi. Wala huuzi. Tunaikata nusu, nusu inakuwa kofia, nusu inabaki ukumbusho. Marehemu atakuwa mkononi na atakuwa kinywani. Kila ukitafuna, mko pamoja."

Bi Taratibu alifikiri. "Alikuwa hapendi kutafunwa," alisema. "Njoo nyumbani kesho alasiri, nikusikilize vizuri."

Kesho yake, Jumatano, Tabasamu alifika na koti limepigwa pasi. Sebule ilikuwa ndogo, na nusu yake ilikuwa ya mke wa mwanawe Bi Taratibu, fundi cherehani, aliyezungukwa na sare za shule zisizo na mikono bado. Majirani watatu walikuwa wamejipenyeza kusikiliza. Mmoja wao alikuwa muuza nyama, ambaye Tabasamu alikwishambandika kofia mbili siku sita zilizopita.

"Mimi ni shahidi," alisema muuza nyama, akifungua mdomo kila mtu aone. "Herini za mke wangu hizo. Yeye anadhani zimepotea, kwa hiyo akija nafunga."

"Mbona hapo ufizi una rangi ya mchicha?" aliuliza fundi cherehani.

"Ni dhahabu inashika," alijibu Tabasamu upesi. "Hushika kwanza, halafu hutulia."

Fundi cherehani alikata uzi kwa meno yake mazima. "Mama, mimi simo. Mtu wa kutengeneza meno anatembea na mkoba kama wa kukata bima?"

"Mwanangu, acha mgeni aseme," alisema Bi Taratibu. "Mimi si mtu wa maneno. Baba, hilo la kwako linatafuna?"

"Linatafuna mawe, mama."

"Mawe sina." Akainuka taratibu, akaenda kabatini taratibu, akarudi na kopo. Ndani mlikuwa na karanga za sukari za siku nyingi, zimegandamana zimekuwa kokoto. "Tafuna hii. Kwa upande huohuo. Nikiona, nitajua."

Tabasamu aliitazama ile karanga. Aliitazama bangili. Majirani walisogeza viti. Kama mtaalamu anaogopa karanga, basi utaalamu umeishia sebuleni pale.

Akaitia kinywani, akauma.

Kilichompata ndani ya taya hakina jina zuri. Ni kama mtu alipigilia msumari kuanzia jino mpaka nyuma ya jicho, halafu akautingisha kuona kama umeshika. Kidole gumba cha mguu kilisimama chenyewe ndani ya kiatu. Lakini Tabasamu hakuitwa Tabasamu kwa mzaha. Uso haukukunjamana hata kidogo, jino likang'aa, na machozi mawili yakateremka kwa adabu.

"Unalia, baba?"

"Naipenda kazi yangu, mama."

"Vizuri. Moja inaweza kuwa bahati. Chukua ya pili."

Alichukua ya pili. Alichukua na ya tatu, maana muuza nyama alidai hakuona sawasawa. Kisha Bi Taratibu, kwa ukarimu, akamletea maji ya kwenye friji, yenye barafu, akamsubiri ayamalize.

"Nimeridhika nusu," alisema mwishowe. "Njoo kesho saa nne nikupe jibu. Na bangili, kama jibu litakuwa ndiyo."

Usiku wa Tabasamu tuuache, ni aibu kumsimulia mtu mzima akiongea na mto wake. Tuseme tu kulipokucha shavu lilikuwa limevimba mpaka sikio limepata jirani. Alitaka kungoja saa nne, achukue bangili, akimbie nayo. Saa kumi na mbili na nusu aliona hafiki saa nne. Saa moja alikuwa zahanati.

Benchi za korido zilikuwa zimejaa watu walioshika mashavu. Muuguzi alimpa kikaratasi. Namba thelathini na nane.

"Anaona wangapi kwa siku?" aliuliza Tabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kumi na tano."

"Na hawa wengine?"

"Wanazoea."

Tabasamu akaanza kupita benchi kwa benchi akiomba kubadilishana namba, mpaka akafika benchi la kwanza kabisa, karibu na mlango wa daktari. Pale walikaa fundi cherehani na Bi Taratibu, ametandika kanga mapajani, ameshika namba moja.

"Mtaalamu," alisema Bi Taratibu. "Hata wewe?"

"Mama yangu, nisaidie. Huwa unaigawa, nimesikia."

"Huwagawia wenye hali mbaya. Wewe jana ulisema linatafuna mawe."

"Nakufa, mama."

"Usife hapa, utawachelewesha wenzio. Haya, tuzungumze." Akajisogeza kumpa nafasi akae, jambo lililochukua muda. "Zile kofia zako. Ni nini zile?"

Benchi za nyuma zilisogea kusikiliza. Muuza nyama, namba ishirini na mbili, alikuwepo naye, amejifunga kitambaa kidevuni. Tabasamu aliangalia mlango wa kutokea, ulikuwa mbali. Aliangalia mlango wa daktari, ulikuwa karibu, na ndani yake vyombo vilikuwa vinagongana vizuri kama vijiko vya karamuni. Katika maisha yake alikwishajieleza akatoka vituo vitatu vya polisi. Lakini maumivu ya jino hayana muda wa kutunga.

"Shaba," alisema. "Ya mabomba."

Muuza nyama aliinuka. Bi Taratibu alimwonyesha kwa mkono akae.

"Taratibu. Na herini za mke wake?"

"Zimo mkobani. Sijauza."

"Mkoba mpe mwanangu hapa akushikie." Fundi cherehani aliuchukua kabla Tabasamu hajamaliza kufikiri. "Sasa namba. Nikikupa hii, mimi nabaki na thelathini na nane yako, maana yake leo simwoni daktari. Wiki nzima ya kutafunia upande mmoja. Utanipa nini?"

"Chochote, mama."

"Jino lako litang'olewa, hilo unalijua. Kofia yake utamvika nani?"

Tabasamu alifumba macho. Kibao cha duka. Miaka kumi na moja ya kucheka kwa faida. Ndani ya taya mtu akatingisha msumari.

"Chukua," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu, na wale wa nyuma wasikie. Sitaki kesho uje kusema nilikuibia."

"Kofia ya jino langu ni yako, mama. Nimekupa."

"Nimepokea. Nenda, baba, pole sana."

Daktari, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka, alimchoma sindano ya ganzi, akaikata kofia, akaling'oa jino. Kisha akamuuliza kama ni kweli kofia ile ni ya mama wa nje. Tabasamu akatikisa kichwa kukubali. Dakika ishirini tu na kazi ikawa imeisha.

Sonara, ambaye Bi Taratibu alimpelekea kofia ile, alikuwa mlango wa pili kutoka zahanati. Alizipima zile nusu mbili za kofia, akazisugua kwenye jiwe lake, akasema ni dhahabu safi, akataja bei. Ilitosha kofia mbili za chuma cha kawaida, za daktari wa kweli, na chenji ikabaki. Bangili haikutoka mkononi.

"Kwa hiyo utachonga?" aliuliza fundi cherehani.

"Nimemwona mtu aliyengoja hadi likaoza," alisema Bi Taratibu. "Nitachonga. Basi Alhamisi ijayo."

Lakini waliporudi kuulizia miadi, namba mbili akiwa ndani bado, namba tatu alisimama akampa kikaratasi chake. Namba nne akasema, hapana, mama, chukua changu, mimi ulinipa mwaka jana. Hakukuwa na mtu kwenye benchi zile ambaye hakuwahi kutibiwa kwa namba yake. Bi Taratibu alitaka kufikiri kidogo. Korido nzima ilimsukuma ndani.

Na Tabasamu? Alitoka mlango wa nyuma, pamba mdomoni, ganzi imemshika hadi puani. Muuza nyama alikuwa amemngojea. Tabasamu alifungua kinywa amweleze jambo zuri sana, la kumfanya mtu aombe msamaha mwenyewe, na kikatoka "bwa". Akajaribu tena. "Bwaa bwa." Ulimi ulikuwa umelala. Muuza nyama alimvua koti jeupe, akamvua na viatu kama fidia ya ufizi, akaenda zake kuwaza atamwambia nini mkewe herini zikionekana.

Tabasamu alifika stendi na soksi. Mkata tiketi alimtazama, akatazama shavu lile, akauliza anakwenda wapi.

"Bwaa."

"Huko ni mbali," alisema mkata tiketi, akamchomoa noti zote mfukoni taratibu, akamwandikia tiketi. "Kiti namba sabini. Pazuri, dirishani."

Basi lilikuwa na viti sitini. Tabasamu alizunguka ndani mara mbili akihesabu, akateremka kwenda kudai haki yake kwa sauti, na akiwa bado anatafuta pa kuianzia, basi likaondoka.