Injinia Muzammil na Ondoakiwi

Muzammil hakuwahi kuiba maishani mwake. Aliyemwita mwizi alimkosea adabu, na wako wengi waliomkosea. Mwizi huchukua, Muzammil alikuwa anapewa. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono yao, wengine wakamshukuru na kumwombea dua, na kama baadaye walijuta, hayo yalikuwa baina yao na nafsi zao. Yeye wakati huo huwa ameshavuka mto.

Asubuhi moja alikuwa Chalinze, kwenye kibanda wanapopumzika madereva wa malori, akinywa supu ya mbuzi ambayo bado hajaamua nani atailipia. Meza ya jirani alikaa dereva mwenye macho mekundu kama pilipili, akisimulia jinsi basi lilivyomjia uso kwa uso usiku uliopita na zile taa za kisasa, nyeupe, zenye kutoboa, zikamtia kiwi hata akaona barabara mbili.

"Nikachagua moja," alisema dereva. "Haikuwa yenyewe. Ng'ombe niliwakwepa. Kibanda cha nyanya sikukikwepa."

Wenzake wakatikisa vichwa. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kutiwa kiwi, na kila kisa kilikuwa kikubwa kuliko kilichotangulia.

"Angetokea mtu na dawa ya hizi taa," akasema mmoja, "mimi ningempa hata lori."

"Lori lenyewe si lako."

"Ndiyo maana ningempa."

Kijiko cha Muzammil kikasita njiani. Mtu mwingine angesikia kilio cha madereva. Yeye alisikia mlango ukifunguliwa, tena na mwenye nyumba hayupo.

Haikupita wiki akawa kwa fundi bati mmoja wa Bagamoyo, amesimama juu yake kama bwana harusi kwa fundi cherehani. Madebe ya mafuta ya kula yakakatwa, yakapigwa nyundo mpaka yakawa mabakuli ya duara, kisha yakasuguliwa kwa majivu na ndimu hadi mtu anaona meno yake humo. Kila bakuli likatiwa kishikizo na nati yenye masikio mawili, ya kuzungushwa kwa vidole. Bakuli lilifungwa juu ya taa ya gari mfano wa kofia iliyoinamishwa, na nati ikaliinua au kulishusha upendavyo. Kwa maelezo ya mwenyewe, bakuli lilikusanya mwanga wote uliokuwa unakwenda kuwachoma watu macho, likautupa chini barabarani unakotakiwa. Akakiita chombo hicho Ondoakiwi. Na yeye, kwa unyenyekevu, akajiita Injinia.

Hayo ndiyo maelezo ya mwenyewe. Kilichofanya kazi hasa kilikuwa Wahida.

Wahida alikuwa amewahi kuendesha bajaji Bunju, na hapakuwa na usukani usiomtii. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya gari la maonyesho, kimya, kama mtu aliyechoka. Injinia akizungusha nati na kukohoa, Wahida alisogeza swichi kwa kidole kimoja, taa zikatoka fulu zikaja dimu. Watu waliosimama mbele ya gari wakaona mwanga ukilainika mbele ya macho yao na kumtukuza Mola. Injinia naye aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesema kwamba sifa zote si zake peke yake. Hapo tu ndipo aliposema kweli.

Walikuwa pamoja tangu enzi za sabuni ya kufukuza mbu, ile iliyowaita. Kila mara Wahida alipouliza mgawo wake, Muzammil alimjibu kwamba umeingizwa kwenye mradi. Mradi ulikuwa mashati ya Muzammil, simu ya Muzammil, na gari la Muzammil, saluni kuukuu ya rangi ya maziwa yenye viti vya mahameli, ambayo aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyonawa uso.

"Safari hii, Wahida, biashara ikikamilika, gari ni lako," alimwambia.

"Ulisema hivyo kwenye sabuni."

"Kwenye sabuni nilisema pikipiki."

Mtu waliyemlenga alikuwa Mzee Mahfoudh, mwenye duka kubwa la vipuri vya magari pale Bagamoyo, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara tangu babu wa babu. Mahfoudh alikuwa amenunua gari jipya, jeupe, refu kama nyumba, lenye taa ambazo mji mzima ulizilalamikia. Ilisemwa kwamba akirudi nyumbani baada ya sala ya Isha, majirani wanageuza vitanda.

Muzammil aliingia dukani na koti jeupe la daktari, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, kijana. Nani anaumwa?"

"Barabara, mzee."

Mahfoudh alimtazama kitambo, akamvutia kiti. Muzammil akaeleza. Alieleza mwanga unavyosafiri, unavyopinda na unavyofanya kiburi usipowekewa adabu. Halafu akashusha sauti kama mtu anayeogopa kuta. Kuna maneno huko juu, alisema, kwamba karibuni kila gari litalazimishwa kufunga chombo cha kupunguza mwanga.

"Nani kasema?"

"Mimi sijasema, mzee. Nimesema kuna maneno."

Mahfoudh akazungusha tasbihi yake. Muzammil aliyaona macho ya mzee yakienda mbali, yakapita Makurunge, yakafika Pangani, yakihesabu kila gari njiani na kulivika mabakuli mawili.

"Na mtu akiyachukua yote? Asiuze mwingine ila yeye?"

"Hilo halijawahi kuombwa," Muzammil alisema, huku moyo wake ukipiga vigelegele.

Wakakubaliana. Mahfoudh atachukua mzigo wote na haki ya kuuza peke yake pwani nzima. Akafungua mtoto wa meza, akamwonyesha mfuko wa kaki ulionona, akaufunga tena. Lakini alikuwa na masharti. Ondoakiwi ifungwe kwenye gari lake mwenyewe, giza likiingia, aone kwa macho yake. Mzigo wote upelekwe kwanza kwenye ghala lake. Na kwa kuwa gari lake jipya litaendeshwa na mtu asiyemjua, ufunguo wa gari la Injinia ukae mfukoni mwake kama rehani mpaka maonyesho yaishe.

"Haki kabisa," Muzammil alijibu. Ufunguo ungerudi na mfuko, kwani kuna tabu gani?

Usiku huo, kabla hajalala, alipanga nguo zake zote kwenye sanduku na kulitia kwenye buti la gari. Alikuwa ameshaamua kwamba akipokea mfuko atamtuma Wahida akanunue maji, kisha maji yatakaporudi yeye atakuwa njiani kwenda Tanga. Hakujisikia vibaya. Gari la watu wawili, alijiambia, huzeeka haraka. Kesho yake Wahida aliomba ufunguo wa buti atoe spana, akakaa nao muda mrefu kuliko spana ilivyohitaji. Mchana akaaga kwamba anakwenda mjini kununua khanga. Muzammil hakumwuliza ya rangi gani.

Maonyesho yalifanyika Nunge, kwenye njia ya mashamba ya chumvi, baada ya Magharibi. Mahali hapo ni tambarare tupu: njia moja iliyoinuka, imenyooka kama rula, na mabwawa ya chumvi kulia na kushoto. Muzammil na Mahfoudh walisimama mwisho wa njia, penye ghala bovu la chumvi, kando ya ile saluni ya mahameli. Wahida alikuwa mwanzo wa njia, upande wa mjini, ndani ya gari jeupe.

Kwanza akaja na taa fulu, bila Ondoakiwi. Wote wawili walijifunika nyuso kwa mikono.

"Taa zangu hizo," alisema Mahfoudh, kwa fahari ya mzazi.

Muzammil akafunga mabakuli, akazungusha nati, akapiga hatua nyuma kutazama kazi yake, akazungusha tena nusu duru. Wahida akageuza gari akarudi alikotoka. Kule mbali taa zikageuka zikawatazama. Muzammil akakohoa, kwa mazoea tu, maana masikio ya binadamu hayafiki huko. Mwanga ukalainika. Ukawa kama wa kandili, unatambaa chini ya njia kwa heshima.

"Mashaallah," alisema Mahfoudh.

"Huo ni mwanzo, mzee."

Kisha mwanga ukazimika kabisa.

"Mashaallah," Mahfoudh alisema tena. "Imepunguza hata gari halionekani."

Muzammil alicheka. Alicheka peke yake, halafu akaacha ili asikilize. Mngurumo wa injini ulikuwepo, lakini haukuwa unakuja. Ulikuwa unakwenda mjini, nao ulikwenda bila haraka, mpaka wakabaki na vyura.

"Injinia," akasema Mahfoudh, "yule dada anarudi saa ngapi?"

"Anapoza mitambo, mzee. Bakuli hupata joto."

"Yule ni nani wako?"

"Ni... tunafahamiana kikazi."

"Anakaa wapi? Kwao wapi? Baba yake nani?"

Muzammil aliyekuwa na jibu la kila swali duniani akagundua kwamba hajui kwao Wahida. Miaka yote hakuwahi kumwuliza. Si kwamba alimlaumu kwa kuiba. Alimlaumu kwa kumwachia yeye mwenye gari. Mahfoudh alitoa simu, akasogea pembeni, akazungumza polepole na mtu aliyemwita afande. Maneno yaliyomfikia Muzammil yalikuwa machache na yote mabaya: gari, mshirika wake, ninaye hapa.

"Mzee," alisema Muzammil, "naomba niende haja ndogo."

"Nenda. Lakini usiende mbali."

Muzammil akaenda mbali. Aliingia kwenye mabwawa ya chumvi na viatu vyake vya kuchongoka, kimoja kikabaki kwenye tope la kwanza na cha pili hakikuona sababu ya kuendelea peke yake. Maji ya chumvi yakamkuta kila alipokwaruzwa. Alianguka, akainuka, akaanguka ndani ya lundo la chumvi, akatoka amekolea. Nyuma yake sauti ya Mahfoudh ilirudia, "Usiende mbali, kijana," na ilikuwa sauti ya ajabu, haina hasira hata kidogo, lakini aliyepigwa na hofu hana muda wa kupima sauti. Alipofika barabarani akadandia lori tupu lililokuwa linakwenda kupakia mkaa upande wa Saadani, akashuka Mkange kwa sababu ndipo lori liliposhusha watu.

Huko Mkange alizima simu, akanyoa masharubu, akalima. Ndiyo, alilima. Alipalilia ufuta wa watu kwa kibarua, jambo ambalo mama yake mzazi angelazimika kuapiwa. Mikono ikamtoka malengelenge. Usiku aliota gari jeupe linamjia na taa fulu, naye hana pa kujifunika.

Ufuta ulipokwisha kupaliliwa, alikwenda kunywa chai kwa Bi Mwajabu, mama wa Kikwere aliyekuwa akichoma mkate wa kumimina chini ya paa la makuti, moto chini na makaa juu. Muzammil aliketi, akatazama jikoni, akatazama tena. Mkate ulikuwa unaumuka ndani ya bakuli la bati la duara. Kando ya bakuli kulikuwa na nati yenye masikio mawili.

"Mama," alisema taratibu, "vyombo hivi mnavipata wapi?"

"Bagamoyo, kwa Mahfoudh. Vinaivisha vizuri hivi. Huku anavileta dada mmoja, Wahida, ana gari lake la rangi ya maziwa. Viti vya mahameli, utasema umekalia paka."

Muzammil akasogeza kikombe chake. "Huyo Mahfoudh si aliibiwa gari lake jipya?"

"Aibiwe na nani? Juzi kapita hapa na mkewe, wanakwenda arusini Pangani. Zile taa zake, kuku wangu wakadhani kumekucha." Bi Mwajabu akapepea makaa, akaanza kucheka peke yake. "Wahida anacho kisa cha gari hilo, akikisimulia utashika mbavu. Alikuwa na mwenziwe wa kazi, tapeli, hamlipi. Siku moja akafungua buti akaona jamaa kafunga sanduku, anataka kumtoroka. Akamwendea Mzee Mahfoudh akamweleza yote. Siku ya siku, Wahida akalichukua gari la mzee akaliegesha nyumbani kwa mzee mwenyewe, akaingia ndani akanywa kahawa na mkewe, Bi Thuraya. Walitaka wamtishe tu, alipe haki ya watu. Jamaa akaomba kwenda haja ndogo."

"Kisha?"

"Kisha nini? Mpaka leo hajamaliza. Mzee alimngoja hadi mbu wakamfukuza. Mabakuli yakabaki kwake, gari la jamaa akampa Wahida."

Muzammil alifikiria afande ambaye hakuwepo, viatu vyake, na ile "usiende mbali" iliyosemwa kwa upole namna ile. Alijaribu kukasirika, hasira haikuja. Alichojisikia kilikuwa karibu sana na wivu, ule wa fundi anayetazama kazi nzuri ya fundi mwingine. Kisha, kama mtu anayepiga chafya bila kukusudia, ulimi wake ukaamka.

"Lakini mama, mnavitumia kwa hasara," alisema, akiinama kuelekea jikoni. "Hiyo nati haikuwekwa bure. Ukiizungusha nusu duru hivi, joto linakusanyika, linatupwa pale linapotakiwa. Ningeweza kukufundisha, wewe na akina mama wote wa hapa, kwa ada ndogo tu."

Bi Mwajabu akaweka pepeo chini. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, miguu isiyo na viatu.

"Wahida alituachia maneno," alisema. "Alisema akitokea mwanamume anayeijua kazi ya hiyo nati, alipe kabla hajala."

Muzammil akatia mkono mfukoni, akatoa hela ya ufuta, akalipa. Mkate ulikuwa mtamu, ukweli usemwe. Akaomba kipande cha pili, na hicho nacho akalipishwa kwanza.