Mitetemo ya Mezani

Redio ilitangaza tena kwamba mitambo imenasa mitetemo chini ya mlima: miamba inapasuka kwa kusukumwa na uji wa moto unaopanda, na volkano huenda ikalipuka. Lini, haikusema.

"Huenda," Pasi akacheka pale kijiweni, akabamiza kete ya domino hadi vikombe vya kahawa vikaruka. "Hata mimi huenda nikaoa binti wa waziri."

Pasi alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko sindano. Ila mama yake aliishi juu kule, jirani kabisa na kreta, na kila wiki alimpigia simu kuuliza kama afungashe. Kila wiki Pasi alimjibu atulie, wataalamu wanabahatisha tu.

Wakili, muuza viatu vya mitumba aliyepewa jina hilo kwa ubishi, alidai wakubwa wanataka viwanja vya watu. Muuza kahawa yeye aliona ni njama ya wauza mahema. Walikuwa bado wanavutana alipotokea dada wa mitambo, mtaalamu wa volkano aliyefukia kipimo chake cha mitetemo nyuma ya kijiwe. Aliwasalimu, akaomba kwa upole wapunguze kubamiza kete. Kila jioni kipimo kinaandika tetemeko, na tetemeko lenyewe ni wao.

Benchi zima likaangua kicheko.

"Kumbe volkano ni Pasi," Wakili akasema.

Pasi tayari alikuwa na simu sikioni, amwambie mama kwamba mlima hauna kesi.

Dada akawaonyesha mistari kwenye simu yake. "Hii mikubwa ni ninyi. Hii midogo ndiyo mlima."

"Midogo hivyo?" Wakili akauliza. "Hata kikombe haimwagi."

"Ni midogo, kaka. Ila ninyi usiku mnakwenda kulala. Hii hailali. Na kila siku inaanzia juu kidogo kuliko jana: uji wa moto unapanda."

Mama akaitika simuni. Pasi alisimama, kete zikamwagika miguuni pake.

"Mama, fungasha. Nakuja kukuchukua."

"Nani kasema?"

Pasi akawatazama wenzake, kisha akageukia ukuta. "Wataalamu, mama."

"Wale wanaobahatisha?"

"Hao hao."

Alipokata simu, Wakili alikuwa keshatoa ufunguo wa pikipiki yake mfukoni. Akamnyooshea.

"Wahi," akasema. "Ukirudi tutabishana."