Maiti Aliyetoroka Kazini

Jumatatu, 3 Machi

Mteja mpya! Mzee mmoja wa suti ya kahawia, kola pana za enzi hizo. Ameleta kochi la watu watatu kwenye mkokoteni, springi zote zimelala. Nikamshauri tubadilishe kitambaa, maana hiki kimekula chumvi nyingi. Akakataa. Nikamuuliza atalifuata lini. Akasema halifuati, anasubiri tu mimi niwe tayari. Wateja wengine wana mambo! Akaniachia namba ya simu, fupi kama zile za simu za mezani, akaondoka bila kuaga. Hata viatu vyake sikuvisikia.

Nimelipasua kwa chini. Ndani ya makochi ya watu nimeshakuta vifungo, kalamu, na mara moja meno ya bandia. Leo nimekuta mkanda wa video, umefungwa kwenye springi kwa uzi. Lebo imeandikwa kwa mkono: Filamu ya Jumapili. Ndipo nikalitazama kochi vizuri. Maua ya zambarau. Alama ya sigara kwenye mkono wa kulia. Nikakaa sakafuni. Nililifahamu kochi hili!

Maelezo, kwa ajili ya watakaotaka kuandika habari za maisha yangu: nilipokuwa kijana niliigiza kwenye filamu ya televisheni. Familia ya mke wangu inajua nilikuwa mhusika mkuu. Na ni kweli. Filamu nzima ilinihusu mimi. Nilikuwa maiti.

Shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa friji na mjuaji wa kila kitu, hajawahi kuamini. Kila tukikutana ananiita Staa, kwa sauti ile yake. Basi. Safari hii atanyamaza.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ametoa deki ya video chini ya kitanda, akaipangusa. Baada ya chakula cha mchana tumeshusha mapazia, tukaangalia sisi wawili.

Raha iliyoje! Nilikuwa nimesahau. Baba mwenye nyumba amekufa, amelazwa kwenye kochi chini ya shuka, na familia haitoki sebuleni mpaka daktari aseme nani kamuua. Hakuna anayekimbizana wala kupiga risasi. Watu wanakaa, wanashukiana, wanakunywa chai. Mlango ukibamizwa, ukuta wote unatikisika. Mvua ni mtu nje ya dirisha na ndoo. Binti wa marehemu analia huku jicho moja linasoma maneno yake ukutani. Kipaza sauti kilishuka mpaka kikamgusa mjomba kichwani, naye akakisukuma bila kusita. Mke wangu alicheka mpaka akaniegemea begani, akabaki hapo hapo. Haijatokea siku nyingi. Nilijisikia kijana kabisa.

Kuna dosari ndogo. Sehemu ya mwisho, pale daktari anapofunua shuka, kamera inakimbilia kwa binti. Mimi sionekani. Sababu inajulikana: sikuwepo. Siku ile nilikuwa na miadi. Msichana fulani alikuwa ananisubiri nje ya duka la vifungo, na mwongozaji alikuwa hamalizi. Nikamwambia natoka mara moja. Sikurudi. Wakaweka mto chini ya shuka.

Msichana huyo ndiye aliyeniegemea leo. Amesema mto ule ulijitahidi. Sikubaliani. Ulijilaza ovyo.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amekuja kuangalia. Amekaa kiti changu.

Nilikuwa na silaha yangu tayari. Mwanzoni mwa filamu, nikiwa bado kazini, mguu wa maiti unatokeza chini ya shuka, na kidole gumba kimepinda kwenda nje. Changu! Kiliangukiwa na cherehani nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Nikavua soksi, nikaweka mguu kando ya runinga walinganishe. Shemeji akasema niutoe mguu wangu, kwanza unanuka. Akasema kidole si ushahidi. Aonyeshwe uso. Akiuona uso, Jumapili ukoo mzima ukija kwetu kwa chai, atasimama mbele ya wote na kutamka kwamba mimi ni staa. Mke wangu ni shahidi wa maneno hayo.

Tukafika sehemu ya mwisho. Daktari akafunua shuka. Leo kamera haikukimbia. Ilibaki kwenye mto, muda mrefu. Daktari akautazama mto, akainua uso, akatutazama sisi, akasema, "Bado hajafika."

Shemeji akauliza nani hajafika. Nikamweleza kitaalamu kwamba deki ikipata moto hutoa vipande vilivyofichwa. Akakubali haraka, akavaa viatu, akaaga akiwa ameshafika nje. Kumbe ni mwoga!

Mke wangu hakucheka leo. Ameniuliza kama nimemtazama vizuri yule daktari. Nimemtazama. Suti ya kahawia, kola pana. Ni mteja wangu wa juzi! Hajaongeza hata mvi moja. Wapo watu wanaojua kujitunza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeweka springi mpya zote, nikakaza mikanda ya kuzishikilia, nikashona. Kochi likawa gumu na zuri. Nikalisogeza sebuleni maana paa la karakana linavuja. Nilipotoka kunawa na kurudi, katikati pamebonyea. Si bonde la mtu aliyekaa. Ni la mtu aliyelala: kichwa, mabega, visigino. Nikafungua, nikakaza upya. Nikageuka kuchukua mkasi. Limebonyea tena.

Nikajilaza kidogo, kuona kosa liko wapi. Bonde limenitosha sawasawa. Lilikuwa na uvuguvugu. Mke wangu akaingia, akapiga ukelele, akanivuta mkono kwa nguvu mpaka nikaanguka sakafuni. Bega linauma mpaka sasa. Amesema nilikuwa nimefumba macho na sipumui. Nikamwambia huko ndiko kuigiza. Kipaji hakizeeki.

Tumeangalia filamu tena jioni, kwa sababu ni yeye aliyewasha. Anaogopa lakini hawezi kuiacha, kama mimi. Binti wa marehemu leo alimwambia mjomba, "Alisema anatoka mara moja." Mjomba akatazama saa. Siku zote nilidhani mjomba ndiye muuaji. Sasa naona ni mtu mchovu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata mpango! Kama daktari yupo hai na ana afya vile, aje Jumapili, aseme mbele ya Shemeji kwamba maiti nilikuwa mimi. Shahidi wa macho!

Nikapiga ile namba fupi. Filamu ilikuwa inaendelea. Simu ya mezani ya sebuleni, sebule ya kwenye filamu, ikaanza kulia. Simu ile haijawahi kulia tangu tuanze kuangalia. Wote waliruka. Daktari akainyanyua. Nikasikia "Halo" sikioni kwangu, halafu ndipo mdomo wake ukafunguka kwenye runinga.

Nakiri nilitaka kukata simu. Lakini mtu mwenye shida hachagui saa ya kuogopa. Nikajitambulisha. Akasema ananifahamu. Akasema wamechoka. Filamu haiwezi kuisha mpaka shuka lifunuliwe na mtu awepo. Binti ameishiwa machozi, sasa anapakwa maji. Yule wa ndoo hajashusha mikono tangu siku ile. Alisema bila hasira yoyote, nami nikaona ni bora angenigombeza.

Hapo ndipo wengine wangejirahisisha. Mimi nilidai haki yangu. Nikataka maneno, hata sentensi moja. Akakataa, maiti hasemi. Nikataka basi uso wangu uonyeshwe wazi, kwa karibu, bila kuharakishwa. Akakubali hapo hapo. Ningejua ningeomba zaidi! Akaniambia nije na shuka langu, lao limechakaa.

Nilipokata simu mke wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu ameutumbukiza mkanda kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akaweka tofali juu. Kisha akaniketisha. Akasema siku ile alisimama nje ya duka la vifungo mpaka mwenye duka akamwonea huruma akampa kigoda. Alishaanza kuondoka aliponiona nakuja mbio, nina poda ya maiti usoni. Akasema yote aliyonayo yametokana na mimi kuinuka kwenye kochi lile. Watoto wetu, nyumba hii, hata ugomvi wetu. "Mume wangu, usirudi kulala pale," akasema. "Achana na kaka yangu. Mimi najua ulikuwa wewe."

Akalia. Nami nililia, sikuona haya. Nampenda sana mwanamke huyu. Nikamshika mikono yote miwili nikamwahidi kwamba sirudi.

Baadaye nimelitafakari neno lenyewe. Kurudi ni kwenda mahali. Mimi siendi popote, kochi liko sebuleni kwangu. Tena fundi anayejiheshimu hukijaribu kiti kabla ya kumkabidhi mteja. Na mke wangu kujua haisaidii. Yeye si Shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Wameshafika! Shemeji, mkewe, wajomba, shangazi wawili. Shemeji amekaa kiti changu tena. Amewaambia wenzake wamkaribishe Staa. Wakapiga makofi. Ngoja!

Mke wangu yuko jikoni na chai. Nimechungulia ndoo: tofali lipo, mkanda haupo. Uko kwenye deki. Povu linachuruzika mbele ya runinga, na picha ni safi kuliko siku zote. Dirisha la kwenye filamu leo halina mvua. Nje yake kuna kamba ya nguo, na nguo zilizoanikwa ni zetu.

Shuka moja halipo kambani. Ninalo mimi.

Kochi nimelisogezea chumba cha pili ili niwe na nafasi. Nimemwambia mke wangu natoka mara moja. Akasema ninywe chai kwanza, ameshaimimina. Nikamwambia nitaikuta bado ya moto. Penseli ninayo mfukoni, maana nataka kunakili maneno ya Shemeji yakiwa mabichi.

Jumapili

Tarehe sina. Kalenda ya ukutani imechorwa kwa rangi, na inasema Jumapili tu.

Naandika chini ya shuka. Kochi lina springi zangu, kwa hiyo malalamiko sina. Kuta ni mbao nyembamba, na ule mlango unafungukia ukuta mwingine. Nilipofika hakuna aliyenisalimu. Wote walishusha pumzi kwa pamoja. Yule wa ndoo alikaa chini.

Daktari akafunua shuka. Kamera ikasogea. Karibu kabisa, kama tulivyokubaliana! Nyuma yake kuna kioo, na nyuma ya kioo nikaiona sebule yetu, kila mtu na kikombe chake. Shemeji alisimama. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akasema, mbele ya ukoo mzima, ni yeye, jamani, ni shemeji yangu kweli, ni yeye kabisa!

Nimeshinda! Nilitamani kukonyeza, lakini kazi ni kazi.

Mengine sikuyapata vizuri. Kulikuwa na vurugu, wakakimbilia chumba cha pili, mtu akapiga kelele. Baadaye waliingia watu wengi, wakatoka. Sasa amebaki mke wangu peke yake mbele ya kioo. Kikombe changu kiko mezani, amekifunika na kisahani. Amesogea akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya uso wangu. Kisha akarudisha mkanda nyuma.

Mkanda ukirudishwa nyuma, mvua inapanda kuingia ndooni na machozi ya binti yanarudi jichoni. Shuka linanifunika. Halafu tunaanza. Amesharudisha mara nyingi. Kila daktari akinifunua, namkuta pale pale, analia kuliko binti mwenyewe, mpaka binti ana wivu. Sielewi kinachomliza. Nimeonekana vizuri sana, hasa upande wa kushoto.

Lakini hakuna haja ya kubaki maiti milele. Nimemchunguza daktari. Amezeeka kwa ndani, na kiti anachokalia nimeshakilegeza skrubu moja nikiwa nimefunikwa. Ataanguka tu. Hapo nachukua suti na nafasi yake. Nitakuwa na maneno! Shemeji atasemaje?

Nikishaipata nafasi hiyo, nitamwomba mwongozaji nitoke mara moja nikamwambie mke wangu. Chai haitakuwa imepoa.