Bunduki Iliyokuwa Mpya Mno

Alhamisi, 9 Mei
Mnada shambani kwa marehemu Pfeifer. Nimepata bunduki ya zamani ya baruti na fataki, mtindo wa jeshi wa 1841! Inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Verlin Haas, mpinzani wangu katika chama chetu cha wakusanya bunduki za kale, alichungulia mtutu, akacheka, akatangaza kwamba ni bandia, ya wale wanaoigiza vita vya zamani kila wikendi. Watu wakarudi nyuma. Nikawahi kunyoosha mkono. Yangu, kwa bei ya bure!

Bandia, sawa. Lakini nani atajua? Maonyesho ya chama ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mke wangu Lorene ameshatamka: nikikosa utepe wa buluu wa mshindi tena, bunduki zote zinatoka chumba cha kulia. Kachoka kula Krismasi akielekezewa mitutu.

Ijumaa, 10 Mei
Dawa ya upya ni uzee. Siki, chumvi, chai nzito. Lorene kauliza siki ya matango yake imekwenda wapi. Nikamjibu, sayansi. Akasema sayansi imrudishie chupa. Bunduki nimeifukia kwenye samadi ya farasi.

Jumatatu, 13 Mei
Nimefukua. Lo! Kutu ya miaka mia! Kitako nimekichapa kwa mnyororo. Muhuri wa mkaguzi ubavuni ulikuwa mkali mno, nikaupitishia msasa, maana muhuri wa kweli hufifia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimelala mchana, usingizi mtamu.

Jumamosi, 18 Mei
Jaji alikuwa Bi Hedwig Lauer. Kainusa. Kauliza mbona inanuka farasi. Nikasema ilikuwa ya askari wa farasi. Akasema hizi zilibebwa na askari wa miguu.

Kisha akachukua bisibisi, kama ilivyo desturi, akafungua mtambo wa kufyatulia. Uso wa ndani ulikuwa na rangi zake zote za kiwandani, buluu na kahawia, kana kwamba umetengenezwa jana. Akaniambia, "Wendell mwanangu, hii ni halisi. Haijapigwa hata risasi moja. Nani kaifanyia unyama huu?" Nikasema ni miaka. Akasema miaka haina mnyororo.

Nyuma yangu Verlin kaketi chini, machozi yanamlenga. Kumbe alijua! Aliiita bandia watu wakimbie, aichukue yeye. Nikamwita shetani, akaniita punda, tukanunuliana pai ya cheri. Nzuri sana ile pai. Utepe kapewa mtu mwingine.

Jumapili, 19 Mei
Bunduki zimehamia ghalani. Lorene anapaka meza nta huku anaimba. Si kubaya huku: kuku hawaniulizi maswali.

Verlin kaja kunipoza na bunduki nyingine, kaniuzia rahisi. Nzee, kahawia mwili mzima. Kaapa kwa mama yake kwamba hii ni halisi, nisiiguse hata kwa kitambaa, kahawia hiyo ndiyo thamani yenyewe.

Ananiona mtoto! Ile aliyoiita bandia ilikuwa halisi. Basi hii anayoiita halisi ni nini? Bandia tupu, tena kaipaka uzee! Na jaji anapenda vinavyong'aa, nimeona kwa macho yangu. Nimeshaisugua nusu kwa jivu. Inang'aa, jamani!