Uzinduzi wa Ukuta wa Kuzuia Kelele, Goba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, waheshimiwa wajumbe, viongozi wa dini zote, ndugu Adelard mwenye karakana ya kukata vyuma hapa jirani, walimu, wanafunzi, na ninyi wengine mliosimama juani, itifaki imezingatiwa. Goba hoyee! (Hoyee! Hafifu.)

Nasimama kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mgeni rasmi wenu, niliyehudhuria semina Arusha, Morogoro na ng'ambo, kuzindua Mradi Shirikishi wa Ukuta, utakaoikinga shule hii dhidi ya mashine ya karakana kwa asilimia mia moja na kumi. (Makofi.) Mlilalamika kuwa mashine inapiga kelele. Kelele gani? Wataalamu wakakwama kwa kukosa jina lake! Kiingereza, ndugu zangu, kina hazina: kuna "screech", breki zinapokwaruza, kuna "squeal", nguruwe akibanwa, kuna "shrill", sauti nyembamba inayochoma sikio. Kwa hiyo awamu yote ya kwanza tuliielekeza kwenye capacity building ya istilahi hizo, na mshiriki bora nilikuwa mimi. (Vigelegele vya akina mama waliovaa fulana za mradi.) Asanteni. Hiyo siyo "shrill", hiyo ni burudani.

(Sekela wa kidato cha nne anasimama: "Shikamoo mheshimiwa. Sie mtihani Jumatatu, na darasani hatumsikii mwalimu. Ukuta unaanza lini?")

Marahaba, binti. Mmesikia? Sasa hiyo ndiyo "shrill". Malalamiko yakija kwa sauti hiyo, ofisi haiwezi kuyapokea. (Kicheko, meza kuu.) Na tuseme ukweli: tangu nifike, nani kaisikia mashine? (Mama mmoja: "Si imezimwa kwa ajili yako, baba!")

Data! Hiyo ndiyo inaitwa data! Kelele zimeshuka hadi sifuri kabla ya tofali la kwanza, maana yake ukuta umetimiza malengo yake yote bila kusumbua mtu kwa ujenzi. Jiwe la msingi tunaondoka nalo. Kesho linazindua ukuta mwingine Kigamboni.

Ukuta juu! Kelele chini! Nawashukuru nyote, na kipekee ndugu Adelard, aliyekubali kuzima mashine mpaka gari langu litoke getini.

(Gari linatoka. Mashine inawaka. Sekela amesimama tena. Midomo yake inaonekana ikicheza.)